Gari Lisilo na Makumbusho

Ukienda Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam, utakuta magari ya zamani yamepangwa kwa heshima zake. Yapo makubwa ya kifahari, ya enzi za gavana na miaka ya mwanzo ya uhuru. Ipo pia Austin ndogo, gari la kawaida kabisa, la wakati ule Mwalimu Nyerere anahangaika kuijenga TANU. Ile ndogo ndiyo hunivuta zaidi. Ukiitazama unajiuliza ilikwama mara ngapi njiani, na nani aliisukuma.

Austin ile imeingia makumbusho kwa sababu ya abiria wake, mtu wa Butiama, mkoani Mara. Leo nataka kuzungumzia gari jingine dogo la mkoa huohuo, ambalo halijabeba rais na ambalo halina dalili ya kuwekwa nyuma ya kamba siku moja. Ni Toyota Probox, ile ambayo Kanda ya Ziwa wanaiita mchomoko, kwa namna inavyochomoka stendi ikishajaa. Ndiyo inayopiga ruti za Tarime na Sirari, Tarime na Nyamongo, mpaka kuvuka Mto Mara kwenda Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti.

Na pamoja na gari, nataka kumzungumzia kijana anayeliendesha. Kaa stendi ya Tarime nusu saa tu utamwona. Gari limechoka: bampa limefungwa kwa waya, kioo cha nyuma kina ufa, viti vimevalishwa vitambaa kuficha sponji. Lakini dereva, kijana wa miaka ishirini na kitu, analifuta vumbi kwa kitambaa chake binafsi, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Amelipa jina. Hataki mtu abamize mlango. "Mama, funga polepole, huyu ni mzee." Halafu wenzake wakimtania kwamba mkweche wake hautafika Nyamwaga, anakasirika kweli, si mchezo.

Mapenzi haya yametoka wapi? Jibu la haraka ni kwamba kijana hana uwezo wa kununua jipya, basi kapenda alichonacho. Jibu hilo halitoshi. Wapo watu wengi wana vitu vikuukuu na hawavipendi. Nadhani mapenzi haya yana historia, tena ndefu kuliko umri wa kijana mwenyewe, na sehemu yake kubwa iliandikwa na mpaka, sheria na ushuru kabla yeye hajazaliwa.

Mpaka uliofungwa

Tuanzie Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakata roho, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kwa msomaji wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya siasa. Kwa mtu wa Tarime ilikuwa habari ya shemeji, ya ng'ombe na ya spea. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka ule. Sirari ya Tanzania na Isebania ya Kenya zinatazamana kama nyumba mbili za uani mmoja. Ukisimama Sirari, Nairobi iko karibu kuliko Dar es Salaam, na Kisumu iko karibu zaidi ya zote mbili.

Mpaka ulikaa hivyo hadi Novemba 1983. Karibu miaka saba. Katikati ya miaka hiyo zikaja balaa nyingine: Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kisha bei ya mafuta kupanda duniani. Uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Watu wazima wanakumbuka amri ya kuzuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kubana matumizi ya mafuta. Huko Kibaha, jeshi lilikuwa linajaribu kuunda lori la Kitanzania. Likaitwa Nyumbu, kwa jina la mnyama yuleyule anayevuka Mto Mara kila mwaka kwa malaki. Nyumbu wa Kibaha hawakufikia wingi huo.

Sasa fikiria fundi wa gari katika hali hiyo. Plagi inakufa, mpya haipo. Springi inakatika, inayofuata iko upande wa pili wa mpaka uliofungwa, na ukiileta kwa njia za panya unaitwa mlanguzi. Mwaka 1983 Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, bidhaa ya kawaida kabisa ungeweza kuulizwa umeitoa wapi. Fundi akajifunza kuchonga, kuchomelea, kufunga kwa mpira wa tairi la zamani, kutoa kiungo cha gari lililokufa na kukitia kwenye linaloumwa. Katika shule hiyo gari halikuwa chombo cha kutumia na kutupa. Lilikuwa kama mgonjwa wa nyumbani, ambaye kila mtu anajua anaumwa nini na dawa yake ni ipi.

Nadhani hapo ndipo heshima ya gari kuukuu ilipoanza. Gari lililokuwa likitembea mwaka 1982 lilikuwa na mtu nyuma yake aliyelihangaikia. Kulicheka gari lile kulikuwa ni kumcheka mtu huyo.

Mlango wa 1984

Mambo yakageuka kwa bajeti ya 1984/85. Waziri wa fedha, Cleopa Msuya, alitangaza kwamba mwananchi mwenye fedha zake za kigeni anaweza kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alikozipata. Maduka yakaanza kupata vitu. Na miongoni mwa vitu vilivyoingia kwa wingi zilikuwa pikapu.

Pikapu ilikuwa na akili. Asubuhi inabeba magunia, jioni inabeba watu. Dar es Salaam walizifunga mabenchi ya kutazamana wakaziita chai maharage, jina la chakula cha bei nafuu. Vijijini hazikuhitaji jina, ziliitwa gari tu, kwa sababu mara nyingi lilikuwa moja na kila mtu alilijua. Siku ya mnada lilibeba mbuzi, mkungu wa ndizi, mwalimu na mgonjwa kwa safari moja.

Miaka ya 1990 mlango ukafunguka zaidi. Magari yaliyotumika yakaanza kuingia kwa wingi, moja kwa moja kutoka Japani au kwa kupitia Dubai. Hapa historia ya ukoloni ilitufanyia jambo bila kukusudia. Waingereza walituachia kuendesha kushoto, usukani ukiwa kulia. Japani nao wanaendesha kushoto. Kwa hiyo gari alilochoka nalo karani wa Osaka linashuka bandarini Dar es Salaam likiwa tayari kwa barabara zetu, usukani uko palepale unapotakiwa. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi, wanaoendesha kulia, hawakupata bahati hiyo.

Gari la mtu wa mauzo

Probox ilizaliwa mwaka 2002. Haikuzaliwa iwe gari la familia, wala la kupendwa. Toyota waliitengeneza kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, kwa ajili ya makampuni: mtu wa mauzo anayezunguka na sampuli zake, fundi wa simu, msambazaji wa vifaa vya ofisi. Ina umbo la sanduku kwa sababu sanduku hubeba vingi. Mbele, karibu na redio, kuna kimeza kidogo cha kuvuta ili mtu wa mauzo aweke kompyuta au chakula chake cha mchana. Tarime kimeza hicho hukaa chenji.

Kwanini Wajapani waliyaachia yakiwa bado na nguvu? Kwao gari la mizigo la aina hii, baada ya miaka miwili ya mwanzo, hupelekwa kukaguliwa kila mwaka, na ukaguzi unagharimu. Kampuni yenye magari mengi ikipiga hesabu inaona bora iyauze ichukue mapya. Kwa hiyo gari linaachwa kwa sababu ya daftari la mhasibu, wakati injini bado inadunda vizuri.

Likifika huku linakuja na mabaki ya maisha yake ya kwanza. Mengine bado yana maandishi ya Kijapani milangoni, jina la kampuni ambayo hakuna abiria anayeweza kulisoma. Ukiwasha, mengine hutoa sauti ya mwanamke anayesema jambo kwa Kijapani. Anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Barabara ya Nyamongo haina kadi, lakini yule dada anakumbusha kila asubuhi, mwaka wa kumi sasa, na abiria wazoefu humwitikia "haya, mama". Redio nayo ina kasoro yake: masafa ya FM ya Japani yalikuwa yakiishia 90, yetu yanafika 108. Mpaka ufungiwe kifaa cha kubadilisha masafa, unasikia stesheni mbili tatu tu au mkoromo.

Mwaka huohuo wa 2002, mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji kule Nyamongo. Ni sadfa tu, lakini inafaa kukumbukwa. Mgodi ulileta Land Cruiser na malori makubwa. Ulileta pia watu: wachimbaji wadogo, mama lishe, wauza vitenge, vijana wa kutafuta. Hao hawapandi Land Cruiser. Walihitaji kitu kinachoondoka kikijaa, kinachopita kwenye mashimo, kisichokunywa mafuta sana. Hifadhi ya Serengeti nayo ina magari yake maarufu, yale ya paa la kufunguka, ambayo yako kwenye kila kitabu cha picha na kila kalenda. Mtu wa Mugumu anayekwenda Tarime kufuata dawa au karo hayumo kwenye kalenda hizo. Yumo kwenye kiti cha nyuma cha Probox, amepakata begi.

Sheria nayo ilichagua umri wa magari yetu. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania tunaruhusu, ila gari likishazeeka linaongezewa ushuru. Kwa hiyo vuka mpaka pale Sirari utaona jambo: gari lilelile, umri tofauti. Huku kwetu umri hata unasomwa kwenye namba. Mtoto wa shule anajua kwamba namba inayoanza na A au B imekaa nchini kuliko ya D au E. Kijana mwenye namba B anajua atataniwa, na jibu analo tayari: "Hii namba imeshasomesha watu, mura."

Hesabu na mkataba

Mura, kwa asiyejua, ni namna ya kumwita kijana huko Tarime. Na mura huyu, mara nyingi, si mwenye gari. Mwenye gari anaitwa tajiri, hata kama ni mwalimu mstaafu aliyetoa mafao yake yote akanunua gari moja. Jioni dereva anampelekea hesabu, yaani kiasi walichokubaliana. Kinachobaki baada ya mafuta na pancha ndicho chake. Siku ya mvua, barabara ikigeuka uji, huenda kisibaki kitu.

Wengine huingia mkataba. Dereva anapeleka hesabu kubwa kidogo kwa muda waliopatana, na muda ukiisha gari linakuwa lake. Hapo ndipo ufunguo wa mapenzi ulipo, kwa maoni yangu. Kijana anapolipokea gari la mkataba, tayari ni zee. Siku litakapokuwa lake litakuwa zee zaidi. Kila shimo analolikwepa leo analikwepa kwa ajili ya mali yake ya kesho. Nchi hii ya wafugaji inalielewa jambo hilo bila kufundishwa. Kijana aliyepewa ndama alee, akijua atamrithi, hamchapi hovyo. Anajua anakunywa maji saa ngapi na anaogopa nini.

Ndiyo maana anaujua mlio wa gari lake. Atakuambia kwamba fani inalia, kwamba beringi ya gurudumu la kushoto nyuma imeanza, kwamba klachi anaivumilia mpaka mwisho wa mwezi. Na tofauti na fundi wa 1982, spea zipo. Injini ya Probox ya sentimita za ujazo 1,500 ni ndugu na ile ya IST, gari lililojaa kila mji wa Tanzania, hivyo kiungo hakikosekani. Lakini tabia ya kusikiliza gari imebaki. Imepokewa gerejini, fundi kwa mwanafunzi wake, tangu siku zile ambazo kutosikia mlio kulimaanisha kulala porini.

Halafu kuna maandishi, na hapa wapenzi wa fasihi tunapaswa kusimama kidogo. Kwenye kioo cha nyuma dereva anaandika neno. Mara jina la Mungu, mara jina la mama, mara methali iliyokatwa nusu ili msomaji aimalizie, mara kijembe kwa mtu ambaye hatajwi. Ni mila ileile ya kanga: sentensi fupi, iliyolengwa kwa mtu mmoja, inayosomwa na wote. Tajiri ndiye mwenye kadi ya gari, lakini maneno ya kioo ni ya dereva. Ndiyo hati yake ya umiliki kabla ya ile ya serikali.

Kilo mia nne

Sitaki kulipamba jambo hili. Gari hili la mizigo lilitengenezwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili. Tukiwahesabia watu wazima kumi kilo 60 kila mmoja, ni kilo 600, na hapo hatujagusa gunia la mahindi juu. Watu kumi si kichekesho. Wanne kiti cha nyuma, wengine buti, wawili kiti cha mbele, na pengine mmoja anayegawana kiti na dereva mwenyewe, gia ikipita katikati ya magoti yake. Breki na tairi hazikuhesabiwa kwa uzito huo. Zikishindwa kwenye mteremko, waliomo hawana mkanda wala nafasi ya kuruka.

Na kijana anayeshindilia watu hao ndiye huyuhuyu anayekataza mlango kubamizwa. Analihurumia gari, ila abiria anawapanga kama dagaa. Hilo nimelifikiria sana. Sidhani ni roho mbaya. Hesabu haijali kwamba leo umebeba watano kwa utaratibu. Barabara haina basi la saa sita. Mama aliyesimama njiani na mtoto mgongoni akiachwa hana cha kumpeleka zahanati, naye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema, "Sogeeni, tutabanana." Makosa ya dereva yapo na trafiki ana haki ya kumsimamisha. Ila ukimaliza kumlaumu yeye, bado utabaki na swali la kwanini gari la mtu wa mauzo wa Japani ndilo limekuwa basi la wilaya mbili.

Kwa hiyo ninaposema kijana analipenda gari lake, sisemi kwamba mapenzi hayo yamesafika. Yamechanganyika na deni, na hofu ya tajiri, na haraka. Mwenye kuandika historia ya gari hili asiache ukurasa wa majeruhi.

Lami inakuja

Barabara ya Tarime kwenda Mugumu, kama kilomita 87 kupitia Nyamwaga na Nyamongo, imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande. Upande wa pili, lami kutoka Makutano kupitia Natta nayo imekuwa ikiisogelea Mugumu. Kuendelea mbele kwa lami kupitia kaskazini ya hifadhi kulizuiwa na Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2014, kwa ajili ya nyumbu na wenzake. Lakini kwa Tarime na Mugumu, vumbi linapungua. Lami ikitulia, kosta na mabasi hufuata, na nauli za viti huwekwa. Mchomoko huhamia njia mbaya zaidi, au hufa.

Litakuwa jambo jema. Abiria wa Mugumu anastahili kiti kizima. Lakini siku hiyo itafuta mambo mengi ambayo hayajaandikwa popote. Jina la gari halimo kwenye kadi. Maneno ya kioo hubanduliwa likiuzwa. Mwili wa gari hukatwa vipande, injini ikaenda kwingine, milango ikawa ya banda la kuku.

Kama kuna kitu ningependa mtu wa makumbusho, au mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, akiwahi kabla hakijapotea, si gari lenyewe. Ni daftari. Madereva wengi wa mkataba wanalo, dogo la shule, limekunjwa nyuma ya kikinga jua. Humo kuna tarehe, hesabu iliyopelekwa na saini ya tajiri. Pembeni, kwa mwandiko wa haraka, kuna sababu za siku ambazo hesabu haikutimia: mvua, pancha mbili, msiba Nyamwaga, mto umejaa, nimemlaza fundi. Ukiyapanga madaftari hayo kumi, ya miaka kumi, utaipata historia ya wilaya hizi mbili siku kwa siku, kwa mkono wa watu waliokuwa wakiziendesha.